Duka la dawa za mifugo Ngamiani, Tanga: kipimo cha kinyesi ni kizuri, kaunta ya dawa ina mashaka

Tanga ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa na kuku, na maduka yake ya dawa za mifugo yamejipanga kwa kufuata hali hiyo. Mfugaji wa sungura akiingia humo huuziwa dawa za kuku, kwa vipimo vya kuku, kisha huachiwa mwenyewe akadirie namna ya kupunguza. Ndiyo maana duka ninalolitathmini hapa, lililo kwenye mojawapo ya barabara za Ngamiani si mbali na soko la Mgandini, lilinivutia mara tu niliposikia kwa wafugaji wenzangu wa Pongwe kwamba lina hadubini na kijana anayejua kuitumia. Jina la duka nimeliacha kwa makusudi, kwani pamoja na sifa zake ninayo malalamiko, na si haki kuyaweka hadharani dhidi ya mtu ambaye hakupata nafasi ya kujibu.

Nianze na kipimo, kwa sababu ndicho kinacholitofautisha duka hili na mengine. Mteja huleta vidonge vya kinyesi vilivyodondoka usiku huo, vikiwa kwenye kopo safi lenye mfuniko, na kijana wa maabara, aliyepitia chuo cha mifugo cha Buhuri hapa hapa Tanga, hupima gramu 3, akazisaga kwenye kinu kidogo pamoja na mililita 42 za maji ya chumvi iliyokolezwa hadi ikakataa kuyeyuka zaidi, akachuja kwa chujio la chai, kisha akajaza slaidi maalumu yenye mistari ya kuhesabia. Mayai ya vimelea ni mepesi kuliko maji hayo ya chumvi, kwa hiyo baada ya dakika chache huelea juu chini ya kioo, na idadi inayohesabiwa katika vyumba viwili vya slaidi huzidishwa mara 50 ili kupata idadi ya mayai katika kila gramu ya kinyesi. Nililipa shilingi 5,000 kwa sampuli, bei ambayo kwa mwenye vizimba vingi inaweza kuonekana kubwa, lakini ni ndogo kuliko gharama ya kununua dawa kwa kubahatisha.

Kilichonifanya nimwamini kijana huyo ni jambo dogo. Aliniruhusu nitazame mwenyewe kwenye hadubini, na nilipoona vitu virefu vyembamba vimetapakaa kila upande nikashtuka kwa wingi wake. "Hivyo virefu usivihesabu, mama," aliniambia bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Hiyo ni hamira ya tumboni mwa sungura mwenyewe, wengi wanayo. Koksidia ni hayo mapana kidogo, yenye ganda mistari miwili." Alikuwa sahihi. Koksidia ni vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kwa sungura hukaa hasa utumboni. Hamira hiyo, Cyniclomyces guttulatus kwa jina la kitaalamu, ni mkazi wa kawaida wa utumbo wa sungura, na ni rahisi kwa mpimaji asiyezoea mnyama huyu kuihesabu kama mayai ya koksidia na kumtia mfugaji hofu, na gharama, bila sababu.

Pamoja na hayo, idadi inayotolewa na kipimo si ugonjwa. Koksidia wa sungura ni wa jenasi ya Eimeria, na spishi zinazotambuliwa ni 11, zikitofautiana sana kwa ukali. Eimeria intestinalis na Eimeria flavescens huua. Eimeria magna na Eimeria media hudumaza na kuharisha. Eimeria coecicola inaweza kujaa tumboni mwa sungura asionyeshe dalili yoyote. Ili kuzitenganisha ni lazima mayai yaachwe siku kadhaa yakomae, kisha yapimwe urefu, upana na umbo, kazi ambayo duka hili haliifanyi, na kijana husema hivyo waziwazi anapoulizwa. Kwa hiyo idadi kubwa kwa sungura jike mkubwa mwenye afya haina maana sawa na idadi hiyo hiyo kwa mtoto wa wiki sita aliyeacha kula. Ningependa duka liandike tahadhari hiyo kwenye majibu yake, kwa sababu mfugaji mgeni akiona maelfu kwenye karatasi hukimbilia kaunta ya dawa, na kaunta hiyo, kama nitakavyoeleza, haistahili kukimbiliwa.

Thamani ya kipimo hiki haiwezi kueleweka bila kufahamu kinachotokea ndani ya mnyama. Mayai yanayotoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji hewa, unyevu na joto, na katika joto la nyuzi 20 hadi 28 hukomaa kwa siku chache, kila moja likibeba ndani yake vimelea vinane vichanga. Wakati wa masika, banda la Tanga lenye sakafu isiyokauka huyapatia yote hayo bila upungufu. Hapa duka lilinisaidia kuondoa dhana iliyoenea kwa wafugaji wengi, kwamba sungura hujiambukiza kwa tabia yake ya kula kinyesi laini moja kwa moja kutoka mkunduni. Kinyesi hicho ni sehemu ya lishe yake, na mayai yaliyomo hayajakomaa, hivyo humezwa na kutoka tena bila madhara. Hatari iko kwenye majani yaliyolala juu ya sakafu chafu, kwenye bakuli la maji lililoingia vidonge vya kinyesi, na kwenye manyoya ya mama yanayolambwa na watoto.

Yai lililokomaa likimezwa, ganda lake hufunguliwa na juisi za tumbo na nyongo, na vimelea hutoka na kujipenyeza ndani ya seli zinazotanda ukuta wa utumbo. Kila spishi ina makazi yake: nyingine hukaa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, Eimeria intestinalis hushika sehemu yake ya mwisho, Eimeria flavescens hushuka hadi kwenye ule mfuko mkubwa ambamo majani huchachuka, na Eimeria stiedae huenda kwenye mirija ya nyongo ndani ya ini na kuacha madoa meupe ambayo kila mchinjaji wa sungura ameyaona. Humo vimelea hugawanyika vizazi kadhaa, na kila kizazi kinapotoka hupasua seli kilimokuwa. Kutoka kumeza yai hadi mayai mapya kuonekana kwenye kinyesi hupita takriban siku 5 hadi 10 kwa spishi za utumboni, na zaidi ya wiki mbili kwa ile ya ini. Maana yake ni kwamba sungura anaweza kuwa katikati ya mateso huku kipimo kikionyesha sifuri, na hili kijana alilitamka kabla sijauliza.

Mwili wa sungura haukai kimya. Vijidole vidogo vinavyofyonza chakula hufupika kwa kupoteza seli zake, na vishimo vilivyo chini yake, ambavyo ndivyo vinavyozalisha seli mpya, huongeza kasi ili kuziba mapengo. Tatizo ni kwamba seli hizo huwahishwa juu zikiwa bado changa, zisizojua kufyonza vizuri, hivyo maji na chumvi hubaki utumboni au huvuja kuelekea humo, potasiamu hupungua katika damu, na mnyama hulegea misuli. Ukuta huvimba, ute huongezeka, maumivu humfanya sungura ajikunyate pembeni akisaga meno, na kwa kuwa ameacha kula, mfuko wa kuchachushia hupoteza mpangilio wake na kuwapa nafasi bakteria wabaya wanaotoa gesi na sumu. Sehemu kubwa ya kile ambacho mfugaji hukiita ugonjwa, yaani tumbo lililojaa, manyoya ya nyuma yaliyolowa na uzito unaoshuka, ni jitihada za mwili zikichanganyika na uharibifu uliosababishwa na kimelea. Damu kwenye kinyesi, ambayo wafugaji wa kuku wamezoea kuitafuta, kwa sungura si lazima ionekane, na wapo wanaokufa kabla ya kuharisha sawasawa. Dalili ya mapema kuliko zote ni uzito, na mizani ya jikoni ndiyo hadubini ya kwanza ya mfugaji.

Upande wa kinga una mambo ambayo nilitamani kila muuza dawa angeyafahamu. Sungura amejaliwa kinga ya utumbo isiyo ya kawaida: zaidi ya nusu ya tishu za kinga za mwili wake ziko utumboni, zikiwemo kifuko cha duara kilicho mwishoni mwa utumbo mwembamba na kidoletumbo kirefu kilicho kwenye ncha ya mfuko wa kuchachushia. Koksidia anapoingia, chembe nyeupe zenye uwezo wa kuua seli zilizoambukizwa huongezeka ndani ya ukuta wenyewe wa utumbo, mahali pale pale palipovamiwa, na hizo ndizo zinazozuia maambukizi ya pili. Kingamwili za kwenye damu huja baadaye na mchango wake ni mdogo. Anayetarajia kuona vita hivyo kwa kupima damu huenda akakosa ushahidi, kwani sungura, tofauti na mbwa, mara nyingi hapandishi idadi ya jumla ya chembe nyeupe. Kinachobadilika ni uwiano kati ya aina moja na nyingine.

Kinga hiyo ina nguvu, lakini haihami kutoka spishi moja hadi nyingine. Sungura aliyepona Eimeria intestinalis huwa amepata ulinzi madhubuti dhidi ya spishi hiyo, hata kama alimeza mayai machache tu, ilhali Eimeria flavescens huacha kinga dhaifu baada ya kupita, na ulinzi dhidi ya moja haumsaidii kitu kwa nyingine. Watoto wanaonyonya hawaathiriki sana kabla ya kufikisha wiki tatu hivi. Baada ya kuachishwa ziwa ndipo kipindi kibaya huanza, kikichanganyika na mabadiliko ya chakula, kutenganishwa na mama, na joto la Januari na Februari ambalo kwa sungura peke yake ni mzigo. Wakubwa hubaki wabebaji, wakitoa mayai machache bila kuugua. Hili ndilo lililonifanya nisione haja ya kuwapa dawa majike wangu kila mara, ingawa kaunta ilikuwa na maoni tofauti.

Sasa nifike kwenye kaunta. Muuzaji wa mbele si yule kijana wa maabara, na tofauti kati yao ni kubwa kiasi kwamba ningependekeza wabadilishane nafasi. Kwa majibu yaliyoonyesha koksidia kwa watoto walioachishwa karibuni, aliniwekea mezani amprolium, pakiti ya vitamini, na kiuavijasumu cha kuharisha. Kila kimoja kina kasoro yake kwa mahali hapo. Amprolium hufanya kazi kwa kujifanya vitamini B1 mbele ya kimelea, ili kimelea kikose vitamini hiyo kweli. Kumpa sungura pakiti yenye vitamini B1 kwa siku hizo hizo ni kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Kiuavijasumu ni hatari kubwa zaidi, kwa kuwa dawa kama amoksisilini, ampisilini na linkomisini zikinyweshwa kwa mdomo huua bakteria wema wa mfuko wa kuchachushia na kuwaachia uwanja wale wa jamii ya Clostridium, na sungura hufa kwa dawa iliyokusudiwa kumponya. Kijana alitoka chumbani akaisogeza chupa ile pembeni kwa adabu, akisema, "Hii tusimpe mama, kaka, ni ya kuku," na mambo yakaishia hapo. Lakini mteja anayefika siku ambayo kijana hayupo hana wa kumsogezea chupa.

Dawa za salfa na toltrazuril, ambazo kwa sungura zina sifa nzuri zaidi, hupatikana hapo, ingawa toltrazuril hukatika mara kwa mara na bei yake inauma. Jambo ambalo duka hulieleza vizuri ni wakati wa kuzitumia: dawa hizi hushambulia vimelea vinavyoendelea kuzaliana, haziyaui mayai yaliyokwisha kutoka wala haziufumi upya ukuta uliopasuka, kwa hiyo kumpa dawa yule mmoja aliyelowa nyuma na kuwaacha ndugu zake wa rika moja ni kuchelewa mara mbili. Ushauri wa kutibu kizimba kizima mara uzito unapoyumba ni sahihi, na nimeufuata. Ambacho hakikuelezwa hata mara moja ni muda wa kusubiri kabla ya kuchinja. Kwa mfugaji anayeuza nyama kwa majirani, ukimya huo ni kasoro nzito.

Kasoro nyingine ni vifuko. Dawa ya unga huchotwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo kubwa, ikafungwa kwenye kifuko kisicho na jina la dawa, nguvu yake, wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Naelewa kwamba mwenye sungura wachache hawezi kununua kopo zima, lakini kipande cha karatasi na kalamu si gharama. Kwa mnyama mwenye uzito wa kilo moja, tofauti kati ya unga wa asilimia 20 na ule wenye nguvu nyingine si jambo la kukadiria kwa macho. Afadhali pia duka lingekataa kuwauzia wafugaji wa sungura masalia ya chakula cha kuku wa nyama, kwani baadhi ya vyakula hivyo huchanganywa narasini au maduramisini, dawa za koksidia ambazo kuku huzivumilia na sungura huzifia.

Kuhusu minyoo nitasema kwa ufupi, kwa kuwa katika mazingira yetu ya vizimba si tatizo la kulingana na koksidia. Ule mdogo mweupe unaoonekana kama kipande cha uzi kwenye kinyesi, Passalurus ambiguus, mara nyingi hukaa bila kumdhuru mwenyeji wake. Hata kati ya minyoo inayodhuru, mwili haujibu kwa namna moja. Kwa sungura mwitu wa Ulaya, mnyoo wa utumbo mwembamba uitwao Trichostrongylus retortaeformis hupungua kadiri mnyama anavyokua na kujenga kinga, ilhali Graphidium strigosum wa tumboni huendelea kujilimbikiza kwa wakubwa, ingawa mwili humtambua na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Kwa sababu hiyo kanuni ya kaunta ya kutoa dawa ya minyoo kila miezi mitatu, kwa kila sungura, bila kipimo, siikubali. Albendazole hasa, ambayo ndiyo rahisi kupatikana, inaweza kuharibu uboho wa sungura, na haifai kutolewa kwa mazoea katika duka lenye hadubini hatua chache tu kutoka kaunta.

Karatasi ya maelezo ambayo duka humpa kila anayepima ni nzuri kuliko nilivyotegemea, licha ya nakala kufifia. Inaeleza kwamba jiki haiui mayai ya koksidia, kwamba maji yanayochemka, moto na ukavu ndivyo vinavyoyaweza, na kwamba sakafu ya waya iliyoinuliwa hupunguza kazi yote hiyo kwa sababu vidonge hupita chini kabla mayai hayajakomaa. Inaeleza pia kwamba koksidia wa kuku hawamwambukizi sungura, wala wa sungura hawamwambukizi kuku, jambo linalowashangaza wafugaji wengi wa Makorora na Mikanjuni wanaoweka mabanda mawili yakitazamana. Ningeongeza hapo mstari mmoja kuhusu kuanika vizimba juani mchana kutwa kila jua linapochomoza baada ya mvua.

Liko jambo moja la kitaalamu ambalo hata kijana wa maabara hulipitia haraka. Kipimo cha pili, kinachofanywa baada ya dozi, huonyesha idadi ya mayai imeshuka, na duka huihesabu hiyo kuwa kazi ya dawa. Huenda ni kweli. Lakini koksidia ni kimelea chenye mwisho, kikishamaliza vizazi vyake hutoka chenyewe, na sungura ambaye hakumeza mayai mapya angeonyesha anguko kama hilo hata bila dozi, kwa nguvu ya kinga aliyokwisha kuijenga. Ili kujua dawa ilifanya nini ingepasa kuangalia uzito na vifo vya rika zima pamoja na idadi hiyo, na kumbukumbu hizo duka haliziombi. Nilipozipeleka mwenyewe, kijana alizisoma kwa makini na akanishauri nisirudie dozi kwa wale waliokwisha kurudia kula na kuongezeka uzito, ushauri ambao ulimnyima mwajiri wake mauzo.

Kwa huduma ya kipimo naliweka duka hili juu ya mengine yote niliyowahi kuingia mjini hapa, na kwa kaunta ya dawa siwezi kulipendekeza kwa mtu ambaye hajajiandaa kuuliza maswali. Atakayekwenda apeleke sampuli asubuhi, achanganye vidonge kutoka vizimba vya rika moja badala ya kuchanganya watoto na wazazi, na amuulizie kijana wa maabara kabla ya kusimama mbele ya muuzaji. Siku ya Ijumaa kazi ya kipimo husimama kuanzia saa tano hadi watu watoke msikitini. Majibu hutolewa kwa mdomo. Anayeyataka kwa maandishi, yakiwa na tarehe na namba ya kizimba, ayaombe kabla slaidi haijaoshwa.